Uhaba wa dawa huanza siku ya kufungua zabuni

Oktoba 2021 dunia ilikuwa imeanza kupumua. Chanjo za Uviko-19 zilikuwa zikitoka viwandani kwa mabilioni, na nchi nyingi za Afrika, baada ya kukaa muda mrefu mkiani mwa foleni, zilianza kuona shehena zikishuka viwanja vya ndege. Hapo ndipo UNICEF ilipotoa tahadhari mpya: mwaka 2022 kungeweza kupungua hadi mabomba ya sindano bilioni 2.2, yale yanayojifunga yenyewe yakishatumika mara moja. Mwezi huohuo India, mmoja wa wazalishaji wakubwa wa vifaa hivyo, iliweka mipaka ya kuviuza nje. Chanjo ipo, cha kuichomea hakipo.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki lilikuwa pigo la tatu kutoka upande uleule. Machi 2020 India ilizuia kuuza nje viini vya dawa, yaani kemikali zenyewe zinazotibu, na dawa zitokanazo navyo, jumla aina 26, paracetamol ikiwemo, kwa sababu viwanda vya China vinavyoilisha malighafi vilikuwa vimefungwa. Machi 2021 ilisimamisha kuuza nje chanjo za kampuni yake ya Serum Institute, ambazo COVAX, mpango wa kimataifa wa kuzigawia nchi chanjo, ulizitegemea kuliko za mtu mwingine yeyote, na shehena za mpango huo hazikuanza kutoka tena hadi Novemba. Siilaumu India. Serikali yoyote yenye wagonjwa wanaokosa pumzi hospitalini ingefanya hivyo, na yetu ingefanya hivyo. Ninachokitafuta hapa ni jinsi tulivyofika mahali ambapo uamuzi wa ofisi moja ya New Delhi unaweza kukausha kabati la zahanati ya Kigoma au Turkana.

Jibu lililozoeleka tangu wakati ule ni kwamba tujenge viwanda vyetu. Umoja wa Afrika uliweka lengo mwaka 2021: ifikapo 2040, asilimia 60 ya chanjo zinazotumika barani zitengenezwe barani, wakati huo zikiwa hazifiki hata asilimia moja. Makontena ya kampuni ya BioNTech, yenye mitambo ya kutengeneza chanjo, yalitua Kigali. Kiwanda cha mabomba ya sindano cha Revital Healthcare huko Kilifi kilipata fedha za kujipanua. Bohari ya Dawa ya Tanzania iliingia katika kutengeneza barakoa na, huko Idofi mkoani Njombe, glovu. Yote haya nayaunga mkono. Lakini naona tunalijibu nusu tu ya swali, na ni ile nusu rahisi, yenye mawaziri wa kukata utepe.

Nusu ya pili iko kwenye meza ya ununuzi. Viwanda vya dawa na vifaa tiba havifi wakati wa janga. Wakati wa janga huoga fedha. Hufa miaka mitatu baadaye, pale mnunuzi mkubwa, ambaye kwetu ni serikali au mfadhili, anapofungua bahasha za zabuni na kumpa kazi aliyepunguza senti mbili. Siku hiyo ndipo uhaba wa janga lijalo unapoanza kutengenezwa.

Kisa cha Texas kinaonyesha vizuri. Mwaka 2009, mafua ya H1N1 yalipoingia Marekani, hospitali zilikimbilia kampuni ya Prestige Ameritech, mmoja wa wazalishaji wachache wa barakoa waliokuwa wamebaki nchini humo. Kampuni ilinunua kiwanda cha zamani cha Kimberly-Clark na kuajiri watu wapya 150. Mafua yakapita. Hospitali zikarudi kununua barakoa za China zilizokuwa rahisi zaidi, wafanyakazi wapya wakapoteza kazi, na kampuni ikanusurika kufilisika. Mkuu wake, Mike Bowen, alitumia miaka iliyofuata kuwaandikia viongozi wa serikali akiwaonya kwamba nchi nzima inategemea barakoa kutoka nje. Mei 2020 alikuwa mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi akieleza kile alichokuwa akikieleza kwa zaidi ya muongo mmoja. Wakati huo wauguzi wa New York walikuwa wakivaa barakoa moja siku nzima, na ghala la dharura la taifa lilikuwa halijajazwa ipasavyo tangu mafua yaleyale ya 2009.

Nchi tajiri kuliko zote ilikuwa na kiwanda, mafundi na mtu wa kuionya. Haikuwa na mnunuzi aliye tayari kukilipa kiwanda hicho katika miaka ya utulivu.

Afrika imepitia jambo hilohilo, na kwetu haikuchukua hata muongo. Kampuni ya Aspen, kwenye kiwanda chake cha Gqeberha, Afrika Kusini, ilipata leseni ya kutengeneza na kuuza chanjo ya Johnson & Johnson kwa jina lake yenyewe, Aspenovax. Mapema mwaka 2022 hii ilitangazwa kuwa mwanzo wa enzi mpya, na ilistahili kutangazwa hivyo. Miezi ikapita bila oda hata moja, si ya COVAX wala ya Umoja wa Afrika. Nchi zilikuwa zimeshajaa chanjo za misaada, na hakuna mkataba uliokuwa umemfunga yeyote kununua. Mwaka huo haujaisha, Aspen ilikuwa inazungumzia kuigeuza mitambo ile itengeneze dawa za ganzi. Hotuba ngapi zilitolewa kuhusu uhuru wa chanjo barani, na waliozitoa hawakuweka oda ya chupa moja!

Kuna mahali pengine pa kujifunza ambapo watu wa afya hawapazingatii sana, nako ni Japani kwenye viwanda vya magari. Toyota inajulikana kwa mfumo aliouasisi Taiichi Ohno: kipuri kifike kiwandani pale kinapohitajika, kisikae stoo kikila fedha. Wengi walipoona mnyororo wa ugavi ukikatika mwaka 2020 waliulaumu mfumo huo. Ila Toyota wenyewe walikuwa wameshaufanyia marekebisho. Tetemeko na tsunami ya Machi 11, 2011 viliharibu kiwanda cha Renesas huko Naka, kinachotengeneza chipu za magari, na ikachukua takribani nusu mwaka uzalishaji wa Toyota kurudi sawa. Baada ya hapo kampuni ilifanya kazi ngumu isiyo na sherehe. Ilifuatilia wanaoiuzia vipuri, na wanaowauzia hao, na wanaowauzia hao pia, hadi ikapata orodha ya vipuri na malighafi takribani 1,500 ambavyo vikikosekana gari halitoki. Kwa chipu, iliwataka wauzaji wake waweke akiba ya miezi miwili hadi sita.

Mwanzoni mwa 2021, Volkswagen, Ford, General Motors na Honda walipokuwa wakipunguza uzalishaji kwa kukosa chipu, Toyota iliendelea kutoa magari. Haikudumu milele. Agosti mwaka huo, maambukizi yalipofunga viwanda vya Malaysia na Vietnam, ilitangaza kupunguza uzalishaji wa Septemba kwa asilimia 40. Akiba iliwanunulia muda na kisha ikaisha. Lakini miezi ile ilikuwa na thamani kubwa, na kwenye dawa miezi kama hiyo hupimwa kwa roho za watu.

Kilichonivutia zaidi katika habari ya Toyota ni nani alilipa. Kila mwaka kampuni huwabana wauzaji wake washushe bei, lakini sehemu ya kile inachookoa huwarudishia ili wagharamie akiba ile. Mnunuzi alitaka usalama, na mnunuzi akaulipia. Linganisha na zabuni zetu, ambamo tunaandika kwamba mzabuni awe na uwezo wa kuleta mzigo wakati wowote, halafu hatuweki hata shilingi moja ya kumfanya aweze.

Tupige hesabu kidogo. Tuchukue kiwanda cha Dar es Salaam kinachoamua kuweka akiba ya malighafi ya shilingi bilioni moja kwa miezi sita. Mikopo ya benki kwetu hutozwa riba ya karibu asilimia 15 kwa mwaka. Kwa miezi sita, riba peke yake ni takribani shilingi milioni 75, bado kodi ya stoo, bima na malighafi itakayopita muda wake. Mwenye kiwanda akiziingiza gharama hizo kwenye bei, anashindwa zabuni na mwagizaji asiye na akiba yoyote. Asipoziingiza, anakula hasara. Kwa hiyo haweki akiba, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayemlaumu. Juu ya hapo kuna malipo. Muulize mzalishaji yeyote wa Afrika Mashariki anayeiuzia serikali ni nini kinachomkosesha usingizi; virusi havitakuwa cha kwanza kwenye orodha yake. Atakuambia kuhusu ankara alizopeleka ambazo hazijalipwa, huku benki ikihesabu riba kila mwezi. Mzalishaji mkubwa wa India anaweza kuvumilia kucheleweshewa malipo na mteja mmoja kati ya mia. Kiwanda cha Arusha chenye mteja mmoja mkubwa hakiwezi.

Sasa niseme jambo ambalo wapenzi wa viwanda vya ndani, nami nikiwa mmoja wao, hatupendi kulisikia. Kiwanda kuwa Kikuyu au Kilifi, huko Kenya, hakikati utegemezi. Kinauhamisha hatua moja nyuma. Vidonge vinavyotengenezwa hapa vina viini vinavyotoka karibu vyote India na China. India nayo huchukua China takribani asilimia 70 ya viini vyake, na ndiyo maana mlango mmoja uliofungwa mkoani Hubei ulisikika New Delhi na kisha Nairobi. Bomba la sindano ni plastiki ya polipropilini, zao la mafuta na gesi, na sindano yenyewe ni chuma cha pua kilichovutwa kikawa mrija mwembamba. Plastiki hiyo inaweza kutoka Ghuba, Saudi Arabia au Oman, kwa njia fupi ya bahari ambayo wazee wetu waliijua kwa majahazi, na hilo ni jema. Lakini lazima mtu fulani, mahali fulani serikalini, ajue inatoka kiwanda kipi, na kuna kiwanda gani cha pili endapo kile cha kwanza kitasimama. Ukiniambia tuna kiwanda cha dawa nchini, swali langu la pili ni kina malighafi ya siku ngapi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani suluhisho ni kufunga mipaka na kuzuia dawa za nje. Kiwanda kimoja cha ndani kinachouza peke yake ni hatari ileile iliyohamishiwa karibu, na kikiungua moto tumekwisha. Malaysia ilikuwa ikitengeneza zaidi ya nusu ya glovu za mpira za dunia; Novemba 2020 maambukizi yalipolipuka miongoni mwa wafanyakazi wa Top Glove na viwanda vyake kadhaa vikafungwa, dunia nzima iliyumba, Malaysia yenyewe ikiwemo. Tunachohitaji ni angalau wazalishaji wawili wasiotegemea mlango mmoja, mmoja wao akiwa karibu, na akiba ya kutufikisha pale mwingine atakapoanza kuzalisha.

Na akiba tunaijua. Hatuhitaji mtaalamu atoke Geneva kutufundisha. Tanzania ina Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula wenye maghala na vihenge Songea, Makambako, Dodoma, Shinyanga na kwingineko, na kila mwaka serikali hununua mahindi na kuyaweka. Mahindi yale hugharimu fedha yakiwa yamelala. Kila baada ya muda hutolewa ya zamani yakauzwa, mapya yakaingia. Hakuna mbunge anayesimama kuuliza kwa nini tunahifadhi mahindi katika mwaka wa mvua nzuri, kwa sababu kila mtu anaikumbuka njaa au amesimuliwa na bibi yake. Finland hufanya hivyohivyo kwa dawa. Sheria yake huwalazimu watengenezaji na waagizaji kuweka akiba ya dawa muhimu ya miezi mitatu, sita au kumi, kulingana na aina ya dawa, na dola hufidia sehemu ya gharama. Akiba ile huzunguka: dawa ya zamani huuzwa kwanza, mpya hushika nafasi yake, hivyo haiozi kwenye maboksi. Nchi ya watu wasiozidi milioni sita, iliyokumbwa na vita na Umoja wa Kisovieti katika karne iliyopita, imeyaweka haya kwenye sheria. Sisi tulio watu zaidi ya milioni 60 Tanzania peke yake tunaweza kuanza na bidhaa 20: glovu, mabomba ya sindano, dripu, dawa za malaria, oksitosini ya kuzuia mama kuvuja damu baada ya kujifungua, na nyingine ambazo mfamasia yeyote wa wilaya atakutajia kwa kichwa.

Najua pingamizi litakalokuja, nalo ni zito. Ukilipa asilimia kumi zaidi kwa ajili ya usalama, bajeti ileile itanunua dawa chache, na mgonjwa wa leo atakosa kwa ajili ya mgonjwa wa janga la kesho. Hoja hii haistahili kupuuzwa, hasa tangu Marekani ilipositisha misaada Januari 2025 na mifuko ya afya ya nchi nyingi kubaki na matundu. Jibu langu ni kwamba bei tunayoiona kwenye zabuni haijawahi kuwa bei kamili. Mwaka 2021 gharama ya kusafirisha kontena la futi 40 kwenye njia kuu kutoka China ilipanda ikavuka dola 10,000, mara kadhaa ya ilivyokuwa kabla ya janga, na aliyelipa ni yuleyule aliyejisifu kununua kwa bei nafuu. Hospitali zililipa, na wagonjwa walioambiwa waje na glovu zao wenyewe walilipa. Ile asilimia kumi tunailipa kwa vyovyote vile, tofauti ikiwa ni kwamba siku ya dharura tunailipa mara tano na bado mzigo haufiki.

Isitoshe, usalama hauhitaji kununuliwa kwa kila kitu. Zabuni ya glovu inaweza kugawanywa: sehemu kubwa kwa mwenye bei ya chini popote alipo, sehemu iliyobaki kwa mzalishaji wa kanda hii mwenye ubora uliothibitishwa, kwa mkataba wa miaka mitano, mradi tu atunze akiba inayokaguliwa. Akizembea, anapoteza fungu lake. Hapo bei ya wastani hupanda kidogo sana, na kiwanda hupata kitu cha kwenda nacho benki.

Wafaransa wanajaribu njia ya aina hiyo. Kiwanda chao cha mwisho cha kutengeneza kiini cha paracetamol, kilichokuwa Roussillon, kilifungwa mwaka 2008 kwa sababu China ilikuwa rahisi zaidi. Baada ya janga, kampuni ya Seqens iliamua kujenga upya palepale kwa msaada wa serikali, lakini haikuanza kwa msaada huo peke yake: Sanofi na Upsa, wanunuzi wakubwa wa paracetamol nchini humo, walijifunga mapema kununua. Mnunuzi alikuwepo kabla ya bomba la kwanza kuunganishwa.

Na kwetu dalili njema zipo. Mwaka 2023 kiwanda cha Universal Corporation kilichoko Kikuyu, Kenya, kilipata ithibati ya Shirika la Afya Duniani ya kutengeneza TLD, kidonge kimoja chenye dawa tatu kinachotumika kwanza kutibu VVU. Mwaka 2025 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulinunua vidonge hivyo kwa ajili ya Msumbiji, kiasi cha kuwatosha watu zaidi ya 72,000 kwa mwaka, ikiwa mara ya kwanza kwa mfuko huo kununua dawa ya aina hiyo iliyotengenezwa Afrika. Mkenya anatengeneza, Mmakonde wa Cabo Delgado anameza. Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, nayo ilizindua Juni 2024 mpango wa hadi dola bilioni 1.2 kwa miaka kumi wa kuwalipa watengenezaji wa chanjo wa Afrika kadiri wanavyofikia ubora na kuuza. Ni fedha zinazofuata bidhaa iliyonunuliwa, na hapo ndipo zinapotofautiana na nyingi zilizotangulia.

Ila oda ya mara moja haitoshi, na wafadhili hawawezi kuwa mnunuzi wetu wa kudumu. Soko la Tanzania peke yake, au la Uganda peke yake, ni dogo kwa kiwanda cha viini vya dawa. La Jumuiya ya Afrika Mashariki likichanganywa na la SADC si dogo. SADC ilishaikabidhi Bohari ya Dawa ya Tanzania jukumu la kuratibu ununuzi wa pamoja tangu 2018. Chombo kipo, kinachosubiriwa ni serikali kukipitishia fedha zao badala ya kila moja kwenda kivyake na oda ndogo. Mamlaka za udhibiti nazo zimepiga hatua: TMDA ya Tanzania ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya kipimo cha udhibiti wa dawa cha Shirika la Afya Duniani, mwaka 2018. Dawa iliyopita mikononi mwao haipaswi kusubiri usajili mpya miaka miwili ili ivuke Namanga au Rusumo. Na kodi zirekebishwe. Dawa iliyokwisha kutengenezwa huingia kwetu bila ushuru wa forodha, wakati wazalishaji wamelalamika kwa miaka kwamba baadhi ya vifungashio na malighafi zao hutozwa. Hilo ni suala la mkutano mmoja wa mawaziri wa fedha wenye nia.

Juni ya kila mwaka nchi zetu husoma bajeti. Kamati za Bunge za afya hupitia fungu la dawa na kuuliza, kwa haki kabisa, ni kiasi gani kimetengwa na kiasi gani kimetolewa. Naomba waongeze maswali kwa wakuu wa MSD (Bohari ya Dawa ya Tanzania), KEMSA ya Kenya na bohari ya taifa ya Uganda, tena wayaombe kwa maandishi. Kwa kila bidhaa kati ya zile 20, mzalishaji wa pili ni nani? Malighafi yake inatoka kiwanda kipi? Akiba iliyopo leo ni ya siku ngapi, na nani anailipia? Na mzalishaji wa kanda aliyeshinda zabuni ya mwaka jana, ankara zake zimelipwa hadi mwezi gani?